Tarehe 26 Oktoba: mpishi wa Merca na ndui ya mwisho

Wale mnaotufuata mnajua utaratibu wetu: tunachukua tarehe moja kwenye kalenda, tunatafuta siku hiyo kulitokea nini katika sayansi, halafu tunaandika. Mara nyingi tunaishia Ulaya, mtu na darubini yake, mtu na tufaha lake. Safari hii hatukwenda mbali. Tarehe 26 Oktoba 1977, katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23 alitokwa na vipele. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Vile vipele vilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida, yaani kwa kuambukizwa na mgonjwa mwenzake huko mitaani.

Tumeichagua kwa sababu nyingine pia. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye zunguko la matone ya polio, bloku kwa bloku, na kuna jambo lilitokea ndani ya kundi letu sisi wenyewe. Tutafika huko, msiwe na haraka.

Kwanza ndui yenyewe, maana sisi tuliozaliwa miaka ya karibuni tunaijua kama jina tu. Wengine kati yetu tulidhani ni tetekuwanga kali. Hapana. Mtu anapata homa kali, kichwa, mgongo, halafu baada ya siku chache vipele vinatoka usoni, mikononi, miguuni, vinajaa usaha, vinakauka na kuacha mashimo kwenye ngozi. Wengine walipofuka. Ndui kubwa iliua karibu watu 30 kwa kila 100 waliougua. Kulikuwa na ndui ndogo pia, ambayo iliua kama mmoja tu kwa 100, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikizunguka Pembe ya Afrika miaka ile. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake ndui iliua watu wapatao milioni 300. Tulirudia kuisoma hiyo namba mara mbili.

Chanjo ilikuwepo muda mrefu. Tarehe 14 Mei 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, na hiyo tarehe tunaweza kuiandikia siku nyingine. Lakini kuwa na chanjo na kumaliza ugonjwa ni vitu viwili tofauti, kama vile kuwa na bomba na kuwa na maji. Miaka 170 baada ya Jenner, ndui ilikuwa bado inaua watu Asia, Afrika na Brazili. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianza kampeni kubwa ya kuimaliza kabisa, ikiongozwa na Mmarekani D. A. Henderson. Wasovieti ndio walioleta wazo hilo mbele ya mkutano wa WHO mwaka 1958, na walitoa chanjo nyingi sana. Fikirieni: Marekani na Urusi ya wakati ule, waliokuwa wanaelekezeana makombora, wanachanja watoto wale wale.

Vitu vitatu viliwasaidia. Cha kwanza, chanjo iliyokaushwa, inayovumilia joto hata bila friji. Sisi tunaobeba boksi la barafu tukikimbizana na jua la hapa tunaelewa maana yake. Cha pili, sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma. Unaichovya kwenye dawa, unamdonadona mtu begani mara 15, basi. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Cha tatu kilikuwa akili tu. Badala ya kuchanja kila mtu duniani, unamtafuta mgonjwa, unamtenga, halafu unachanja wote waliomzunguka, nyumba kwa nyumba, mpaka virusi vinakosa mahali pa kwenda. Daktari William Foege aliijaribu njia hii Nigeria mwishoni mwa 1966 kwa sababu chanjo haikutosha kwa watu wote. Upungufu ndio uliowafundisha.

Na ndui yenyewe ilikuwa na udhaifu wake. Haikai kwa wanyama. Mgonjwa anaonekana kwa macho. Aliyepona hairudii tena. Kwa hiyo ukiikata kwa binadamu, umeimaliza.

Basi mwaka kwa mwaka ikapungua. Oktoba 1975 ndui kubwa iliisha, mgonjwa wake wa mwisho akiwa mtoto wa kike mdogo kwenye kisiwa cha Bhola, Bangladesh. Agosti 1976 mgonjwa wa mwisho wa Ethiopia alipatikana huko Ogaden. Watu wakaanza kupumua. Wiki chache tu baadaye, ndui ikaonekana Mogadishu.

Mwaka 1977 Somalia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,200. Na ndio mwaka huo huo vita vya Ogaden vilipoanza kati ya Somalia na Ethiopia. Wafugaji wanahama na ngamia wao, watu wanakimbia, mpaka hauna maana. Ndui ilivuka mpaka hadi Mandera, huku Kenya, mwanzoni mwa mwaka. Timu za chanjo zilikuwa zikifuata watu wanaotembea. Unafika kwenye makazi, wamehama jana.

Sasa tuje Merca. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilikuwa limewabeba watoto wawili wenye ndui kutoka makazi ya wafugaji ya Kurtunwarey, kuwapeleka kwenye kambi ya kutenga wagonjwa. Dereva hakuijua njia. Akasimama hospitalini Merca kuuliza. Ali akasema yeye anajua, akaingia garini kuwaonyesha. Aliulizwa kama amechanjwa, akajibu wasijali, twendeni. Safari yenyewe haikuzidi dakika 15. Mmoja wa wale watoto, binti wa miaka kama 6, alifariki siku chache baadaye. Kati ya watu wote walioambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, yeye ndiye wa mwisho kufa.

Ali hakuwa amechanjwa. Na hapa ndipo tuliposimama wote tulipokuwa tukisoma kwenye simu moja, watu saba. Huyu alikuwa mfanyakazi wa hospitali, mahali ambapo kila mtu alitakiwa kuchanjwa. Tena aliwahi kufanya kazi ya muda kama mchanjaji kwenye kampeni hiyo hiyo! Alikuja kueleza miaka mingi baadaye: aliogopa. Aliona sindano kama inauma sana. Siku ya kuchanja wafanyakazi akajishika mkono kama mtu aliyeshadungwa, akapita.

Tarehe 22 Oktoba akapata homa. Akalazwa, wakasema malaria. (Mpaka leo, kila homa ni malaria kwanza, mnajua wenyewe.) Tarehe 26 vipele vikatoka, wakasema tetekuwanga, wakamruhusu aende nyumbani. Kule nyumbani Ali mwenyewe akaanza kuelewa. Amewaona wagonjwa wa ndui, anajua inavyofanana. Akanyamaza. Hakutaka kupelekwa kwenye kambi ya kutengwa. Marafiki wakaendelea kuja kumjulia hali, na alikuwa mtu wa watu, walikuja wengi.

Sisi hatuwezi kumcheka kwa hilo. Mtu anayeishi kambini anajua ni nini kuambiwa kwamba sasa utapelekwa kambi nyingine, ndani ya uzio mwingine, kwa ajili ya usalama wa wengine.

Tarehe 30 Oktoba muuguzi mmoja wa hospitali alimripoti. Kulikuwa na zawadi ya pesa kwa anayetoa taarifa ya mgonjwa wa ndui. Hapo kundi letu liligawanyika. Wengine wanasema huyo muuguzi ni shujaa, wengine wanasema alimuuza mwenzake. Mabishano hayakuisha mpaka chai ikapoa. Ila wote tulikubali kwamba bila yeye, hadithi ingeendelea kwa watu wengine.

Baada ya hapo kazi iliyofanyika ni ya kushangaza. Walihesabiwa watu 161 waliokutana na Ali. Kati yao 41 hawakuwa wamechanjwa. Wengine walikuwa wameshasafiri mbali na mji, wakafuatwa huko huko. Hospitali ikafungiwa wagonjwa wapya. Polisi wakawekwa kwenye barabara na njia za miguu, anayeingia au kutoka Merca anachanjwa. Timu zikapita nyumba kwa nyumba. Ndani ya wiki mbili walichanja watu 54,777. Hatujui mtu anahesabuje mpaka 54,777 bila kompyuta, lakini sisi tunaojaza fomu za kuhesabu watoto jioni, macho yamechoka, jumla haikubali, tunawapa heshima zao.

Na Ali hakumwambukiza hata mtu mmoja. Alipona kabisa.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kusubiri na kutafuta. Aprili 1978 ofisi ya Nairobi ilipeleka taarifa kwamba utafutaji umekamilika, hakuna mgonjwa mpya. Lakini kulikuwa na sharti: lazima miaka miwili kamili ipite bila mgonjwa, huku watu wanatafuta kweli kweli, ndipo itangazwe. WHO iliweka zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeonyesha mgonjwa wa ndui wa kweli mahali popote. Zililetwa taarifa nyingi za tetekuwanga na surua, ndui hapana. Miaka miwili ilihesabiwa tangu siku vipele vya Ali vilipotoka, kwa hiyo ikatimia tarehe 26 Oktoba 1979. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Halfdan Mahler, alikuwa Nairobi kutangaza kwamba Pembe ya Afrika iko salama. Desemba tume ya wataalamu ikatia sahihi kwa dunia nzima, na tarehe 8 Mei 1980 mkutano mkuu wa WHO ukatangaza rasmi. Kwa hiyo tarehe yetu ya leo ni mbili kwa moja.

Kulikuwa na doa moja katikati, na si Afrika. Mwaka 1978, Birmingham, Uingereza, mpigapicha wa chuo kikuu, Janet Parker, aliambukizwa ndui iliyokuwa ikitunzwa kwenye maabara ya jengo hilo hilo, akafariki Septemba. Tunalitaja kwa sababu tunasikia sana eti magonjwa yanatoka kwetu tu, wakimbizi ndio wanayabeba. Ndui ya mwisho kuua ilitoka kwenye maabara ya watu wasomi. Mpaka leo virusi vimehifadhiwa sehemu mbili tu zinazojulikana rasmi, Atlanta kule Marekani na Koltsovo kule Urusi.

Kwa Wakongo wenzetu mnaosoma, kuna kipande chenu pia. Mwaka 1970, timu zilizokuwa zikitafuta ndui zilimkuta mtoto mchanga huko Basankusu, Équateur, mwenye vipele vinavyofanana nayo. Kumbe ni kitu kingine, ugonjwa ambao leo tunauita mpox. Huyo ndiye binadamu wa kwanza kujulikana kuupata. Chanjo ya ndui ilikuwa inakinga mpox kwa kiasi fulani, na chanjo hiyo iliposimamishwa baada ya 1980, kizazi chetu chote kilibaki bila kinga hiyo. Mwaka 2024 mlisikia wenyewe habari za Kivu Kusini, wengine mna ndugu kule.

Turudi kwa Ali, maana vitabu vingi vinamwacha hapo: "mgonjwa wa mwisho", nukta. Maisha yake yaliendelea miaka 36. Mwaka 2004 alijiunga na kampeni ya polio Somalia, akawa mratibu wa eneo chini ya WHO. Alisema nchi yake ilikuwa ya mwisho kwa ndui na hakutaka iwe ya mwisho kwa polio pia. Mama akikataa mtoto asipewe matone, Ali alikuwa anamweleza habari yake mwenyewe, jinsi alivyokwepa sindano na kilichompata. Hakuificha. Mwaka 2008 Somalia ikahesabiwa kuwa haina polio tena. Mei 2013 polio ikarudi, ikaanzia Mogadishu, ikafika hadi Dadaab hapa Kenya. Ali akarudi kazini. Julai 2013, akiwa katikati ya kazi hiyo, akapata homa. Safari hii ilikuwa malaria kweli. Ikamuua.

Sasa jambo letu.

Kwenye zunguko la wiki iliyopita mama mmoja alitukatalia. Hakuwa na hasira. Alisema hii ni mara ya tatu mwaka huu mnaleta matone, sabuni hamleti, maji yanatoka kwa siku, lakini matone hayakosekani, kwa nini? Hatukuwa na jibu zuri. Tulisema lile tulilofundishwa kwenye semina, akatuangalia tu. Halafu akauliza: na huyu kijana wenu mwenye fulana ya chanjo, jirani yangu, mbona mtoto wake hana wino kidoleni?

Tukageuka kumwangalia mwenzetu. Akaangalia chini.

Tulikaa naye jioni. Ametupa ruhusa tuandike bila jina. Alisema mtoto wake wa kwanza aliwahi kuugua sana wiki moja baada ya kuchanjwa, huko walikotoka, kabla hawajakimbia, na akafariki. Anajua huenda haikuwa chanjo. Alishaambiwa hivyo mara nyingi, na yeye mwenyewe amewaambia wengine hivyo mara nyingi. Lakini boksi la barafu likifika mlangoni kwake, mkono unakataa. Kwa hiyo alikuwa anaandika chaki mlangoni kwake kana kwamba timu imepita, kama Ali alivyojishika mkono.

Tulibishana sana. Mmoja wetu alitaka aondolewe kwenye timu. Mwingine akasema tukimwondoa, kila mwenye hofu kwenye hii kambi atajifunza kuificha vizuri zaidi. Mabishano yakaendelea mpaka bibi mmoja Msomali wa bloku ile, tunamwita ayeeyo, alipotukuta tumekaa nje na akauliza tunagombania nini. Tukamweleza habari za Merca. Akapandisha mkono wa gauni lake, akatuonyesha kovu begani, la mviringo, kama sarafu ndogo. Furuq, akasema. Ndivyo Wasomali wanavyoiita ndui. Alisema mdogo wake aliugua, akapona, na uso wake ulibaki na alama. Yeye alikimbia wachanjaji mara mbili, mara ya tatu mama yake akamkalia miguu. Alicheka akisema hivyo.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, tunaomba mkumbuke swali la yule mama, maana hatukulijibu. Sehemu ya jibu tumeipata baadaye na tutampelekea. Ndui ilionekana usoni, kwa hiyo ungeweza kumfuata mgonjwa na kuchanja waliomzunguka. Polio si hivyo. Kati ya watu kama 200 walioambukizwa, mmoja tu ndiye anayepooza. Wengine wote wanatembea, wanacheza, wanaoga, na virusi vinapita kwenye choo na maji. Huwezi kumfuata mtu usiyemwona. Ndiyo maana lazima kila mtoto, na lazima kurudia. Lakini ile sehemu ya sabuni na maji si sisi wa kuijibu, na ukweli ni kwamba polio yenyewe inapenda mahali pasipo na sabuni na maji, kwa hiyo mama hakuuliza swali la nje ya mada.

Mwenzetu bado yuko kwenye timu. Jumanne tunarudi kwa nyumba zilizobaki. Amesema ataanza na ya kwake, na sisi tuwepo, na ayeeyo pia ameombwa aje. Akishindwa, amesema, atavua fulana mwenyewe. Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale kwenye tangi la maji, kabla jua halijawa kali. Anayeshika boksi wiki hii ahakikishe barafu imewekwa tangu usiku.